Ni Nani Aliyekutuma Ng'ambo? (Matendo 13:1-13, 14:26-28)

 

Kwa muda wa miezi miwili sasa habari moja inazunguka katika parokia yetu kuliko Neno la Mungu lenyewe. Ndugu zetu wa Ulaya wametualika tena. Wanaomba watu 20, wapigaji na wahubiri, waende kuwatembelea katika imani kwa juma tatu. Tangu barua ile isomwe mbele ya kanisa, mlango wangu hauna usiku. Watu wanakuja saa nne, saa tano, wanagonga polepole. Wanafikiri mimi ningali mtunza-feza wa fanfari. Mmoja ana mtoto aliyemaliza universite bila kazi, mwingine ana mdogo wake, mwingine anajitaka mwenyewe. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ni nyimbo gani tutakazopiga kule.

Ndiyo maana pasta ameniomba niandike juu ya jambo hili. Nilimwambia kwamba sistahili. Akanijibu kwamba ndiyo sababu ananiomba mimi. Mtaelewa mbele kidogo.

Kwanza tufungue Maandiko. Katika Antiokia kulikuwa kanisa lenye manabii na waalimu. Majina yao yameandikwa: Barnaba, Simeoni aliyeitwa Nigeri, Lukio wa Kirene, Manaeni, na Saulo. Angalieni vizuri walikuwa wakifanya nini wakati safari ilipoanza. Walikuwa wakimtumikia Bwana na kufunga. Hawakuwa katika mkutano wa safari, wala hawakuwa wakihesabu nani ana paspoti. Katika maombi hayo Roho Mtakatifu akataja majina mawili, Barnaba na Saulo. Mawili tu. Kanisa likafunga tena, likaomba, likawawekea mikono, likawaacha waende. Wakashuka Seleukia, wakapanda merikebu, wakavuka bahari mpaka kisiwa cha Kupro.

Ndugu zangu, mmeona kwamba Antiokia walitoa watu wao wazuri kabisa? Saulo na Barnaba ndio waliokuwa wakifundisha kanisa lile. Kuwapoteza ilikuwa hasara. Sisi tunafanya namna ingine: tunataka kumtuma yule ambaye tukimkosa Jumapili hakuna atakayejua.

Lakini someni kifungu cha tano. Pale Salami, katika Kupro, tunagundua kwamba hawako wawili tena, wako watatu. Kuna kijana Yohana, anayeitwa Marko, ni mtumishi wao. Huyu ametoka wapi? Jina lake Roho hakulitaja. Jibu liko katika barua kwa Wakolosai, sura ya nne, kifungu cha kumi: Marko alikuwa ndugu wa ukoo wa Barnaba. Na mama yake, Mariamu, alikuwa na nyumba Yerusalemu ambamo kanisa lilikusanyika kuomba (Matendo 12:12). Mama wa heshima, mwenye nyumba ya kupokea watu. Na Kupro ilikuwa nchi ya Barnaba. Simshitaki Barnaba, mtu mwema aliyejaa Roho. Ninasema tu kwamba sisi watu wa hapa tunajua vizuri namna majina ya jamaa yanavyoingia katika orodha.

Mnajua mwisho wake. Walipofika Perge katika Pamfilia, pale ambapo njia inaanza kupanda milimani, Marko akawaacha, akarudi Yerusalemu. Wakati Paulo na Barnaba walipotaka kusafiri tena, Barnaba akasema tumchukue Marko, Paulo akakataa. Ugomvi ukawa mkali mpaka wakaachana, huyu na njia yake, huyu na njia yake (Matendo 15:36-40). Kwa jina moja tu! Watu wawili ambao Roho mwenyewe aliwaunganisha, jina moja la jamaa likawatenga.

Sasa nitasema habari yangu.

Mwaka wa 2015 fanfari yetu ilialikwa Ufaransa. Tulikuwa watu 22. Wengi hapa wanakumbuka nsinsani tulizofanya, mamama upande mmoja na mababa upande mwingine, mpaka mabakuli yakajaa. Viza wakati ule ilikuwa euro 60 kwa mtu (tangu mwezi wa sita wa 2024 ni euro 90, na ukikataliwa feza hairudi). Tena kila mtu alipashwa kuwa na asiransi ya kulipa ugonjwa mpaka euro 30.000, na barua ya mtu wa kumpokea, na tikiti ya kurudi, na kwenda mwenyewe mpaka Kinshasa kutoa alama za vidole vyake 10. Kutoka Lubumbashi mpaka Kinshasa ni ndege tu, na ninyi mnajua bei ya ndege. Feza hiyo ilitoka katika mihogo na makala na sabuni za mamama wa kanisa hili. Mimi ndiye niliyeihesabu.

Tulikuwa na wapiga tromboni wanne. Wa tatu alikuwa baba mmoja wa watoto sita, amepuliza tangu ujana wake, hajakosa mazoezi isipokuwa siku za malaria. Paspoti yake ilichelewa. Komite ikaniuliza: itatoka au haitatoka? Nikajibu kwamba haitatoka, tumwondoe, tuweke mwingine. Ilitoka siku sita mbele ya siku ya mwisho. Alikuja kunionyesha, akiwa ameifunga katika plastiki ili isilowe mvua. Nikamwambia, baba, umechelewa, orodha imekwisha kwenda. Orodha ilikuwa juu ya meza, nyuma yangu.

Mahali pake nilikuwa nimeandika jina la mtoto wa yaya yangu. Kijana wa miaka 23, mtoto mzuri, asiyejua tromboni na nyundo. Yaya yangu ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufa. Alinilipia masomo ya sekondari kwa kuuza samaki wakavu. Aliponiomba, ningewezaje kukataa? Ndivyo nilivyojiambia. Kwa juma tatu nilimfundisha kijana kushika chombo, kukivuta na kukisukuma pamoja na wengine, na kujaza mashavu bila kupuliza. Mdomo unafanya kazi, chombo kinanyamaza. Mbele ya watu wa viza hakuna aliyemwomba apige.

Watu wananiuliza Ulaya ni namna gani. Nitawaambia, kwa maana kuna jambo zuri ambalo sitaki lipotee katika aibu hii. Hatukuona mnara wala magazini. Tulilala chini, wanne wanne, katika nyumba za ndugu zetu, nyumba ndogo za juu, gorofa ya saba, gorofa ya tisa. Kanisa kule ni sala wanayolipa kwa saa. Ukizidisha robo saa, mwenyewe anazima taa. Tulivua viatu kama tunavyofanya hapa, lakini sakafu ya kule inauma miguu kama maji ya mto asubuhi. Jirani alilalamika juu ya ngoma kubwa, basi tukaifunika blanketi, tukajaza vitambaa katika tarumbeta, tukapiga kwa sauti ya chini. Nami ninawaambia kweli, sijasikia fanfari yetu ikiomba Mungu vizuri namna ile.

Watu waliokuja walikuwa wamechoka. Mama mmoja alitoka kusafisha ofisi tangu saa kumi ya usiku, akaja moja kwa moja na nguo za kazi. Wapo waliokuwa hawajasikia nyimbo zetu zikipigwa na watu wengi pamoja kwa miaka 15. Watoto wao waliozaliwa kule hawajui lugha ya babu zao, walitutazama kama wageni. Siku ya tatu tulialikwa kwa mazishi ya baba mmoja wa kwetu. Kule wafu wanazikwa kwa haraka, kwa saa waliyopewa, watu ni saba au nane, mvua inanyesha, na mtu wa makaburi anaangalia saa yake. Tulipiga wimbo wa kwanza, wa pili. Mjane alituomba tusiache. Mtu wa makaburi akavua kofia yake, akaacha kuangalia saa. Tulipomaliza, mjane alitupa mkono mmoja mmoja, na kila mmoja alimwambia maneno yale yale: sasa amezikwa.

Hiyo ndiyo misioni, wapendwa. Kwa ajili ya saa ile moja mabakuli ya nsinsani yalijaa haki. Nami nilisimama pale nikihesabu tromboni. Tatu zilikuwa zikilia. Ya nne ilikuwa ikienda mbele na nyuma bila sauti, na mvua ikishuka ndani yake.

Usiku wa tano kijana akaondoka. Asubuhi tulikuta nguo yake ya kijani na nyeupe imekunjwa vizuri juu ya kitanda, tromboni juu yake, na karatasi: mjomba, unisamehe, mama anajua. Sitasema kwamba sikujua. Nilijua bila kuuliza. Mtu anaweza kujua jambo na kulizunguka kama mtu anayezunguka shimo katika njia ya nyumba yake mwenyewe.

Mama yule wa kusafisha ofisi ndiye aliyeweka sahihi yake kwamba atampokea. Aliitwa kwenye ofisi ya serikali kujieleza, si mara moja. Siku hizo hakulipwa. Tulirudi watu 21. Ninyi mlikuja kutupokea kwenye kiwanja cha ndege na nyimbo. Jumapili iliyofuata mimi ndiye niliyesoma ripoti, na katika ripoti ile nilisema kijana ametudanganya wote.

Someni sasa Matendo 14:26-28. Kazi ilipokwisha, Paulo na Barnaba walipanda merikebu wakarudi Antiokia, mahali walipotolewa. Wakakusanya kanisa, wakawaeleza yote Mungu aliyofanya pamoja nao. Kutumwa kuna kwenda na kuna kurudi. Yule aliyetumwa anarudi kwa waliomwekea mikono, anasimama mbele yao, anasema. Mimi nilirudi kwa mwili, nikasimama mbele yenu, nikasema uongo. Kati ya mimi na kijana yule, sijui nani aliyebaki mbali zaidi na nyumbani.

Mwaka wa 2017 tuliomba viza tena, juu ya kikundi cha filimbi, wasichana kwa wavulana. Walikataliwa wote. Wengi wenu mlilia mkasema ni ubaguzi wa Wazungu. Ubaguzi upo, sikatai. Lakini mimi nilikaa kimya katika kiti changu, kwa maana nilijua ni nani aliyefunga mlango ule.

Sasa tuseme kweli juu ya kitu kinachoitwa ngulu. Vijana mnalitumia neno hili mkicheka, lakini ni neno la Lingala, maana yake nguruwe. Ndivyo walivyoitwa watu waliolipa feza ili waandikwe kama wanamuziki na kuvushwa mpaka Ulaya. Mwaka wa 2004 korti ya Bobigny, karibu na Paris, ilimhukumu Papa Wemba, mwanamuziki mkubwa wa nchi yetu, kwa jambo hilo. Dunia yote ilisikia. Ikiwa wanamuziki wa dunia walihukumiwa na korti ya dunia, sisi tunaojiita watu wa nabii tutahukumiwa na korti gani?

Ninajua mtajibu nini, kwa maana ndivyo nilivyojijibu mimi. Mtasema: shemasi, nchi hii inatupa nini? Mwalimu hapati mshahara, daktari anauza krediti za telefoni. Na ndugu zetu wa Goma na Bukavu, ambao miji yao ilichukuliwa na M23 katika mwezi wa kwanza na wa pili wa 2025, waambiwe wabaki nyumbani? Hapana. Yosefu alimchukua mtoto na mama yake usiku akakimbia Misri, na malaika ndiye aliyemwambia. Anayekimbia bunduki akimbie, Mungu amwongoze. Anayekwenda kutafuta kazi aende aitafute. Lakini aende kwa jina lake, na sababu yake aiseme. Asivae nguo ya fanfari. Yosefu hakusema kwa walinzi wa mpaka kwamba anakwenda kuhubiri.

Yona naye alisafiri ng'ambo. Alishuka Yafa, akakuta merikebu, akalipa nauli yake mwenyewe, yote ilikuwa sawa: tikiti, mahali pa kulala, bahari tulivu. Kitu kimoja tu hakikuwepo, hakutumwa kule. Na Papa Simon Kimbangu mwenyewe, mababa wanatuambia kwamba alipoanza kusikia sauti mwaka wa 1918 aliogopa, akakimbilia Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, kutafuta kazi. Hakufanikiwa kule. Alirudi Nkamba, na mwezi wa nne wa 1921 kazi ya Mungu ikaanza kwa mikono yake.

Sasa fikirini safari aliyotumwa baadaye. Tarehe 3 ya mwezi wa kumi 1921, kule Thysville, alihukumiwa kufa. Mfalme Albert akabadilisha hukumu hiyo kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa mbali na kwao, mpaka hapa kwetu, Élisabethville, mji huu tunamokaa. Alikaa gerezani miaka 30, akafia hapa tarehe 12 ya mwezi wa kumi 1951. Na waamini wake walihamishwa kwa nguvu, jamaa kwa jamaa, wakatupwa katika mikoa ya mbali ambako hawakujua lugha wala chakula. Wakoloni walifikiri wanalitawanya kanisa mpaka life. Kumbe walikuwa wakilisafirisha! Wale ndio kikundi cha kwanza cha misioni tulichokuwa nacho, na serikali ndiyo iliyowalipia nauli. Hakuna aliyegonga mlango wa shemasi usiku ili aandikwe katika orodha ile.

Na hata yeye alirudi. Mwezi wa nne wa 1960 mwili wake ulipelekwa kutoka hapa mpaka Nkamba.

Nitarudia kwa Marko, kwa maana sijamaliza naye. Kosa la Marko lilikuwa kurudi nyumbani mapema, kosa la mtoto wa yaya yangu lilikuwa kutokurudi. Sasa imepita miaka kama kumi. Anapakua mizigo ya soko usiku, bila makaratasi, na ana mtoto mdogo kule. Mwaka wa 2021 yaya yangu alikufa. Kijana aliona mazishi ya mama yake katika telefoni, ambayo binamu yake aliishika juu ya vichwa vya watu, na jua likawaka katika kioo mpaka hakuona vizuri. Aliniambia: mjomba, niliona mashati tu. Tangu siku ile ananiita kila juma. Haniombi feza, ananiomba nimwombee, na mara ingine ananiomba nimpigie wimbo. Siku moja aliniambia kwamba amenunua tromboni ya zamani, na Jumapili anakwenda katika sala ile ya kulipa kwa saa kujifunza. Mama yule wa kusafisha ofisi ndiye anayemfungulia mlango. Paulo, akiwa gerezani na karibu kufa, aliandika kwa Timoteo amlete Marko, kwamba anamfaa kwa kazi (2 Timoteo 4:11). Marko yule yule wa Perge. Ninasoma kifungu hicho kila siku, kwa ajili ya kijana, na kwa ajili yangu.

Mwezi uliopita niliingia kwa wazee, nikasema yote niliyoandika hapa. Nimeondolewa katika komite ya fanfari, ni haki. Kisha nikaenda kwa yule baba wa tromboni ya tatu. Nilipiga magoti katika uwanja wa nyumba yake mbele ya watoto wake. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza kama kule kulikuwa na baridi sana kwa midomo. Nikamweleza habari ya mazishi na mvua. Akaniomba nimtajie wimbo tuliopiga, nikautaja. Akaingia ndani, akatoka na chombo chake, akaupiga mpaka mwisho. Hakuniambia kama amenisamehe. Ninangoja, sina haki ya kumharakisha.

Basi kwa safari hii mpya wazee wameamua hivi. Siku tatu za kufunga na kuomba, Jumatano mpaka Ijumaa ya juma linalokuja. Jumamosi asubuhi kila aliyejiandikisha atapiga chombo chake peke yake mbele ya kanisa lote, watoto pia wawepo, kwa maana watoto hawaogopi kucheka. Atakayetajwa atawekewa mikono mbele ya wote, na jamaa yake itasimama pamoja naye na kusema kwa sauti kwamba inamngoja arudi. Jina langu halimo, na jina la mtu yeyote wa nyumba yangu halimo.

Na baba yule aliyekuja Jumanne usiku, akaacha bahasha chini ya mto wa kiti changu nilipokwenda kumletea maji: bibi yangu ameiona. Hatukuifungua. Iko kwa pasta, katika kabati la vitabu vya nyimbo. Aje aichukue kwa mchana.

Ni mimi shemasi wenu katika Bwana.